Kusi imeingia: mwongozo wa kuogelea na kupanda mawimbi Unguja wakati wa kipupwe

Kila ukiingia mwezi wa sita naanza kuulizwa maswali yale yale. "Mbona nimefika Paje asubuhi nikakuta bahari imehama?" "Mbona Kendwa maji yametulia na Jambiani yamechafuka siku hiyo hiyo?" "Ubao niingie nao saa ngapi?" Wanaouliza ni wageni kutoka Bara, vijana wa mjini wanaoshuka shamba mwisho wa wiki, ndugu zetu waliokulia Muscat au London wanaorudi likizo ya Julai, na siku hizi hata watoto wa hapa hapa waliofundishwa kuogelea kwenye bwawa la hoteli. Nimeyaweka majibu mahali pamoja, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe kabla ya kulowa.

Mwongozo huu ni wa mtu anayeweza kuelea na kuogelea angalau mita 50 bila kushika kitu. Kama hujafika hapo, usome, lakini baki kwenye maji ya kiunoni na mtu anayejua awe kando yako.

Kwa ufupi, kipupwe ni nini

Kipupwe ni majira yetu ya baridi, Juni hadi Agosti. Kusi, upepo unaotoka kusini na kusini-mashariki, huwa umeshakaza. Maji ambayo mwezi wa tatu yalikuwa na nyuzi joto 29 au zaidi hushuka hadi kama 25. Mkondo mkubwa unaopita pwani yetu kwenda kaskazini, ambao wakati wa kaskazi hupunguzwa kasi na upepo unaoukabili, sasa unasukumwa kwa nyuma na hukimbia zaidi. Yaani upepo, mawimbi na mkondo vyote vinaelekea upande mmoja: kaskazini. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya yanayofuata utaielewa hata bila mimi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jedwali la kupwa na kujaa la bandari ya Zanzibar, au programu ya simu inayoonyesha saa za maji. Kalenda yenye tarehe za mwezi wa Kiislamu nayo inasaidia sana.
- Taarifa ya siku hiyo ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA). Programu za utabiri wa upepo, Windguru au Windy, ziwe nyongeza.
- Viatu vya mpira vyenye soli ngumu, kama wanavyovaa akina mama wa mwani.
- Fulana ya kuogelea ya mikono mirefu. Mwenye ubao anayekaa majini zaidi ya saa moja atafute suti ya mpira ya milimita 2.
- Boya la rangi kali la kuvuta nyuma yako. Ukilikosa, dumu tupu la lita 5 lililokazwa kizibo na kufungwa kamba ya mita mbili hufanya kazi hiyo.
- Filimbi.
- Kwa wenye ubao: kamba ya mguuni ambayo haijachanika wala kukakamaa kwa jua.
- Mtu wa nchi kavu. Anayejua umeingia saa ngapi na utatoka saa ngapi, na ana simu yenye chaji. Fukwe zetu nyingi hazina walinzi wa waogeleaji, kwa hiyo huyu ndiye mlinzi wako.

Chai ya tangawizi ndani ya chupa si ya lazima, ila utanikumbuka ukitoka.

Hatua ya 1: Hesabu mwezi

Usianze na upepo. Wazee wetu hawakuwa na simu, walikuwa na tarehe za mwezi, na hesabu yao bado haijapitwa.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za mwezi wa Kiislamu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hujaa sana na hupwa sana. Hapa Unguja tofauti kati ya maji makuu na maji ya chini hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, karibu na tarehe 8 na 22 na siku mbili za mbele yake, ni maji mafu, na tofauti hiyo hushuka hadi kama mita 1.

Sasa jambo ambalo wageni hawaambiwi. Saa za maji hapa kwetu zina utaratibu wake. Siku za bamvua maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kama saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu hugeuka: hujaa kama saa nne na hupwa kama saa kumi. Kati ya hapo, kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Jedwali litakupa dakika kamili, lakini ukiijua kanuni hii huwezi kupotea hata simu ikizima.

Kwa hiyo yule aliyefika Paje saa nne asubuhi akakuta mchanga mtupu na akina mama wako mbali huko kwenye mashamba ya mwani, bahari haikumhama. Ameangukia bamvua.

Ukipanga safari ya kwanza ya kipupwe, chagua maji mafu. Asubuhi ya maji mafu inakupa mambo matatu kwa pamoja: maji ya kutosha ndani ya mwamba (kati ya ufukwe na mwamba unaovunja mawimbi), mkondo mdogo wa kupwa na kujaa, na upepo ambao mara nyingi bado haujakaza. Siku za bamvua maji ya kuogelea yanapatikana alasiri, saa ambayo kusi nayo imepanda. Mwenye kaiti, yaani ubao unaovutwa na kishada, hupenda alasiri kama hiyo. Anayejifunza kuogelea huichukia.

Jambo moja zaidi katika hatua hii, kwa sababu ndilo linalowaangusha hata wazoefu. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa sita na dakika chache, lakini maji hayasogei sawa katika saa zote. Gawa kimo chote mafungu 12. Saa ya kwanza husogea fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua ikiwa ya mita 3.6, ndani ya saa ya tatu na ya nne peke yake husogea mita 1.8, urefu wa mtu mzima. Hizo saa mbili za katikati, hasa maji yakiwa yanakupwa, usiwe karibu na mlango wa mwamba, yaani pengo ambalo maji hutokea kwenda bahari kuu.

Hatua ya 2: Soma taarifa ya TMA, na uielewe

Wakati wa kipupwe utaisikia mara nyingi redioni: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi makubwa yanayofikia mita 2, kwa ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Wengi wameizoea mpaka haiwashtui. Kilomita 40 kwa saa ni kama noti 22 kwenye Windguru. Na wimbi la mita 2 halina nguvu mara mbili ya wimbi la mita 1, lina nguvu mara nne.

Taarifa hizo zina ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Mimi nafuata hivi. Likiwa angalizo, waogeleaji hubaki ndani ya mwamba kwenye maji ya kifua, na wenye ubao wasiozoea hawaendi mwambani. Ikiwa tahadhari, naogelea siku nyingine. Ya tatu sina haja ya kuieleza.

Usiseme "mbona jua linawaka". Kusi ya kipupwe huvuma chini ya anga safi kabisa. MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe tarehe 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam, katikati ya majira haya haya, kwenye upepo mkali na mawimbi makubwa. Ilikuwa meli. Wewe una mikono miwili.

Hatua ya 3: Chagua upande wa kisiwa

Hapa ndipo ninapotaka usome polepole.

Pwani ya mashariki, kuanzia Makunduchi, Jambiani, Paje na Bwejuu hadi Kiwengwa na Matemwe, inaikabili kusi. Bahari ni ya povu na kelele. Lakini mbele yake upo mwamba, sehemu nyingi kama kilomita moja au zaidi kutoka mchangani, na mwamba ndio unaopokea kipigo. Ndani yake maji hurukaruka, hayakuui upesi. Upepo unapiga kwa ubavu ukielekea kaskazini na kidogo nchi kavu, kwa hiyo ukichoka utapelekwa kijiji cha jirani na utatembea kurudi kwa miguu.

Pwani ya magharibi na ncha ya kaskazini, yaani Mji Mkongwe, Bububu, Kendwa na Nungwi, kisiwa chenyewe kinawakinga na kusi. Maji yametulia kama sahani. Watu huniuliza: basi si ndiko salama? Kwa mtu anayeogelea sambamba na ufukwe kwenye maji ya kifua, ndiyo, na Kendwa maji hayakimbii mbali hata yakipwa. Kwa mtoto juu ya boya la plastiki, kwa mtu aliyelala juu ya ubao wa kasia, ni hatari kuliko Paje, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Ufukweni huuhisi, nyumba na minazi vimeuzuia. Ukienda mita mia unaanza kukushika. Ukienda mia tatu huwezi kurudi kwa kupiga kasia za mikono.

Mpwa wangu alikuwa na miaka kumi na miwili. Alilala juu ya boya la plastiki Nungwi, mwezi wa saba, maji yakiwa yametulia hivyo hivyo ninavyokueleza, na mimi nimekaa mchangani namtazama. Niligeuka kumlipa muuza madafu. Niliporudisha macho, mtoto alikuwa mbali kuliko ninavyoweza kuogelea, na kila nilipopiga hatua kuingia majini alizidi kuwa mdogo. Ngalawa moja ilikuwa ikirudi kutoka kuvua. Mvuvi aliniona napunga fulana, akageuza tanga akamfuata. Alinirudishia mtoto anatetemeka, hawezi kusema. Mbele yake kulikuwa hakuna kitu ila bahari mpaka Pemba. Tangu siku ile, vitu vya kujaza pumzi sivipeleki Nungwi wala Kendwa wakati wa kusi, na nikikuona na chako nitakuja kukusalimia na kukuomba ukitoe.

Kwa hiyo kanuni ya kuchagua upande: tupa konzi ya mchanga mkavu juu. Ikienda baharini, kaa karibu na ufukwe na usitumie kitu chochote kinachoelea bila wewe kuweza kukiendesha. Ikikurudia usoni au kupita ubavuni, jihadhari na mawimbi lakini utarudi.

Usijaribu kuogelea kutoka Matemwe kwenda kisiwa cha Mnemba. Kinaonekana karibu, na mkondo uliopo hapo kati una nguvu.

Hatua ya 4: Muulize mvuvi

Nenda pale ngalawa zinapoegeshwa. Amkia kwanza, kisha uliza kitu kimoja kinachojibika. "Shikamoo mzee. Mlango wa hapa uko wapi, na leo maji yanageuka saa ngapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Swali la "bahari ikoje leo?" litakupa jibu la "nzuri", kwa sababu kwake yeye aliyerudi na samaki ni nzuri.

Tazama pia ngalawa zenyewe. Zikiwa zimebaki mchangani saa ambayo kwa kawaida huwa zimetoka, umeshajibiwa.

Hatua ya 5: Simama dakika kumi bila kufanya kitu

Pima kwa saa, dakika kumi nzima. Mawimbi huja kwa makundi, na dakika mbili za kwanza zinaweza kukuonyesha kimya cha katikati ya makundi. Tafuta:

- Mstari mweupe wa mwamba, na mahali ulipokatika. Pale ambapo povu halipo na maji ni ya buluu iliyokolea ndipo mlango. Mgeni hupaona pazuri kwa sababu pametulia. Maji yote yanayorushwa ndani na mawimbi, na yote yanayokupwa, hutafuta kutokea hapo hapo.
- Vigingi vya mwani. Maji yakijaa huvioni, na kamba zake hushika mguu. Ukishaona lilipo shamba, lizunguke. Ni jasho la mtu, na kusi yenyewe imeshamkatia mwani wa kutosha.
- Vichwa vyeupe vya mawimbi ndani ya mwamba. Vikiwa vimetapakaa, upepo umepita kama noti 12, na anayeanza aishie maji ya kiunoni.
- Alama mbili za nchi kavu zilizonyooka, kwa mfano mnazi mmoja na paa la nyuma yake. Ukiwa majini, alama hizo zikianza kuachana unajua unachukuliwa, na upande gani.

Hatua ya 6: Ingia kwa kuelekea kusini

Tembea ufukweni kuelekea kusini kabla ya kulowa, mita 200 au 300 kupita mahali unapotaka kutokea. Kisha ingia. Nusu ya kwanza ya mazoezi yako ogelea dhidi ya upepo ukiwa na nguvu, nusu ya pili rudi nao. Watu wengi hufanya kinyume: huanza na upepo, wanajiona hodari, halafu wanageuka wamechoka na kugundua kuwa hodari alikuwa upepo.

Pumua upande wa nchi kavu mawimbi yakitoka baharini. Mwogeleaji wa bwawani anayepumua upande mmoja tu atameza maji, kwa hiyo jifunze pande zote mbili kabla ya safari. Inua kichwa kila baada ya mikono kumi, tazama alama zako.

Siku ya kwanza ya kipupwe upe mwili wako dakika 20, kisha utoke. Nyuzi 25 si baridi ya kuua, lakini upepo ukipiga ngozi iliyolowa joto huondoka haraka, na mtoto mwembamba huanza kutetemeka kabla hajakwambia.

Hatua ya 7: Kwa wenye ubao, mwamba una saa zake

Mawimbi ya kupandwa Unguja yanavunjika kwenye mwamba wa nje upande wa mashariki. Usitarajie mawimbi marefu yaliyopangika ya kwenye video za Hawaii. Madagascar inatukinga na sehemu kubwa ya mawimbi ya bahari ya kusini, kwa hiyo tunayoyapata mengi yameumbwa na kusi yenyewe: mafupi, yamekaribiana, yanakuja haraka. Uzuri wake ni kuwa siku nzuri zipo nyingi kwa anayeamka mapema, kabla upepo haujayavuruga.

Maji yakiwa ya chini mwamba uko uchi, na kuanguka ni kuchanika. Yakijaa kabisa mawimbi mengi hupita juu bila kuvunjika vizuri. Wakati wako ni maji ya katikati yanayojaa, kuanzia kama saa mbili na nusu baada ya kupwa. Nasisitiza yanayojaa: ubao ukikuponyoka au kamba ikikatika, maji yanaelekea ndani na wewe unaelekea nyumbani. Yakiwa ya katikati yanayokupwa, kimo ni kile kile na mawimbi ni yale yale, ila kila kitu kinavutwa kwenye mlango.

Mara ya kwanza nenda kwa boti na nahodha anayeujua mwamba huo, na mkubaliane kabla ya kuondoka atakungoja wapi. Ukianguka, anguka tambarare kama mkeka, mikono ikifunika kichwa, wala usitafute chini kwa miguu.

Hatua ya 8: Toka kwa saa, usingoje kuchoka

Weka saa ya kutoka kabla ya kuingia na umwambie mtu wako wa nchi kavu. Kwa mwogeleaji, iwe angalau nusu saa kabla ya maji kuanza kukupwa. Kwa mwenye ubao, saa moja. Ukipitisha dakika 15 bila kuonekana, yeye aanze kupiga simu.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

*Kutembea hadi mwambani maji yakiwa yamekupwa na kusahau kurudi.* Hili linawapata hata wenyeji, hasa siku za sikukuu. Wakati wa Mwaka Kogwa Makunduchi, watu hushuka pwani kwa wingi, wanakwenda mbali kufuata maji. Maji yakianza kujaa hayaji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Hujaza kwanza mabonde yaliyo nyuma yako, karibu na ufukwe. Unageuka unakuta umesimama kisiwani. Mara tu maji yanapoanza kugeuka, rudi.

*Kuamini programu moja ya simu.* Inatabiri upepo wa eneo kubwa. Konzi ya mchanga inakwambia wa hapo uliposimama.

*Kufunga kamba ya boya shingoni au mkononi.* Ifunge kiunoni, kwa fundo linalofunguka ukivuta mara moja.

*Kuingia na viatu vya kandambili.* Wimbi la kwanza linavichukua, la pili linakukuta juu ya miiba.

*Kuogelea mahali kaiti zinapopaa.* Anayeendesha kaiti anatazama juu, hakuoni. Paje wana sehemu zao, uliza.

Mambo yakiharibika

Unavutwa kwenye mlango. Usishindane na maji, hutayashinda. Elea, pumua, inua mkono, piga filimbi. Kisha ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, hadi uhisi mvuto umelegea au uone povu la mwamba limeanza tena kando yako, ndipo uanze kurudi ndani. Usirudi juu ya mwamba wenyewe kama mawimbi yanavunjika hapo, subiri kwenye maji ya kina boti ikufuate. Mkondo wa mlangoni hukuacha nje ya mwamba, haukuvuti chini. Mtu anayeelea ana muda mrefu, anayepigana ana dakika chache.

Ubao umekatika kamba. Ukiwa na maji yanayojaa, uache, utaukuta ufukweni. Ubao ukiwa mikononi mwako na wewe ndiye uliyechukuliwa, usiuache hata ukiona nchi iko karibu. Ndio boti yako, na ndio unaoonekana kwa mbali.

Msuli umekakamaa. Lala chali, vuta vidole vya mguu kuelekea gotini, piga pumzi ndefu. Ukiachia, maliza kwa mikono tu.

Unatetemeka na huwezi kuacha. Toka, vua nguo zilizolowa, jikinge na upepo nyuma ya ukuta au ngalawa, jifunike kitu kikavu, kunywa kitu cha moto chenye sukari. Usirudi majini siku hiyo.

Umekanyaga yule mnyama wa bahari wa miiba myeusi mirefu. Usichokonoe kwa sindano chafu. Chovya mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, toa miiba iliyochomoza. Vijijini watakupaka utomvu wa papai bichi. Mwiba ulioingia kwenye kiungo upelekwe kituo cha afya.

Umechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Maji ya moto tena, yasiyounguza, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Jeraha likiwa kifuani au tumboni, usiuchomoe mwiba, kimbiza mtu hospitali.

Konyeza, yule kiumbe laini wa baharini mwenye nyuzi zinazowasha, amekugusa. Suuza kwa maji ya bahari, usitumie ya mferejini. Ondoa nyuzi zake bila kusugua.

Mwamba umekuchana. Osha kwa maji safi mengi na sabuni hadi chembe zote zitoke, hata ikiuma. Majeraha ya matumbawe hayaponi haraka na huoza upesi. Lisafishe kila siku.

Mwenzako anazama. Usimrukie. Mtupie dumu, ubao, kamba, chochote kinachoelea, umwite kwa jina. Akitolewa hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo, huko ni kupoteza dakika zake. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi tano mdomoni ukiwa umembana pua, kisha mbonyeze katikati ya kifua mara 30 na pumzi mbili, 30 na mbili, bila kuacha. Mwingine apige simu wakati huo huo: 114 zimamoto na uokoaji, 112 polisi. Baharini, KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo cha Zanzibar) wana boti na ndio waokoaji. Namba ya kituo chao kilicho karibu na ufukwe wako iombe kwa sheha, kiongozi wa eneo hilo, siku ya kwanza unapofika, uiandike kwenye simu ya yule mtu wako wa nchi kavu.

Na aliyetolewa majini akazinduka, hata akisema yuko mzima na anataka kwenda zake kula, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Maji yaliyoingia mapafuni huweza kumrudia usiku.